Jahazi la mezani limepinda, limepasuka au vanishi imegoma kukauka: tafuta chanzo hapa

Modeli ya jahazi inayojengwa upapi kwa upapi (vibao vyembamba vya ubavu) juu ya mataruma (mbavu za chombo) huharibika kwa njia zilezile, iwe imejengwa barazani Lamu au katika chumba cha ghorofani Muscat. Kasoro huonekana mwishoni, lakini chanzo chake karibu kila mara kiko hatua mbili tatu nyuma. Anayepaka puti juu ya bonde bila kuuliza bonde limetoka wapi atapaka tena baada ya masika. Kwa hiyo kila dalili hapa chini imewekewa sababu zake, ile inayotokea zaidi ikitangulia, na ukaguzi usiogharimu kitu unakuja kabla ya kubomoa.

Vipimo vyote ni vya skeli 1:40. Jahazi la mita 16 linakuwa na sentimita 40. Mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, ni plaiwudi ya milimita 6, mataruma ni plaiwudi ya milimita 4, na papi zina unene wa milimita 1.5 na upana wa milimita 5. Zikishapigwa msasa zinabaki na unene wa karibu milimita 1. Upapi wa milimita 5 ni ubao wa sentimita 20 kwenye chombo halisi. Ukijenga kwa 1:30 au 1:50 badilisha namba, dalili hazibadiliki.

Mwili umejipinda ukiutazama kutoka omo (mbele)

Geuza modeli, mkuku uwe juu, uiweke juu ya kioo kinene au kigae kikubwa kilichonyooka. Kaza uzi kutoka katikati ya omo hadi katikati ya tezi (nyuma), kisha pima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa kila taruma, kushoto na kulia. Tofauti ya nusu milimita inavumilika. Ikizidi milimita moja, hata mgeni asiyejua vyombo ataiona.

Sababu ya kwanza ni kupiga papi nyingi upande mmoja kabla ya mwingine. Papi zilizolowekwa hujivuta zikikauka, na upande wenye papi nyingi huvuta mkuku kuelekea kwake. Kanuni ni upapi mmoja kushoto na mwenzake kulia kwenye kimo kilekile, hata kama gundi ya kwanza bado haijakauka.

Sababu ya pili ni mkuku uliokuwa umepinda tangu dukani. Plaiwudi iliyosimamishwa ukutani kwa miezi hupinda, nayo ikikatwa vipande virefu vyembamba hupinda zaidi. Laza kipande juu ya kioo kabla ya kukitumia. Kikicheza kwa kidole, kiache. Ya tatu ni mataruma yasiyosimama kwa pembe ya nyuzi 90 juu ya mkuku. Ya mwisho, isiyo ya kawaida sana, ni upapi uliolazimishwa kupinda kwa upana wake badala ya unene wake.

Tiba inategemea umefika wapi. Ikiwa kila upande una papi nne au pungufu, weka kitambaa kilicholowa maji ya moto juu ya maungio kwa dakika 10. Gundi nyeupe ya kawaida italainika na papi zitaachia. Ile iliyoandikwa kuwa haipitishi maji haiachii kwa njia hii. Nyoosha, funga mwili kwenye kalibu (kishikio cha kujengea) lenye mfereji wa kushika mkuku, acha saa 24. Ikiwa umevuka nusu, kata papi zinazovuta katikati ya mataruma mawili, nyoosha, halafu ziba kwa kipande kilichobandikwa ndani. Mwili uliofungwa wote haunyooki tena. Kuulowesha na kuuwekea mawe usiku kucha huleta nyufa juu ya pinda lilelile, kwa hiyo amua mapema: ukubali, au uvunje papi na kuokoa mataruma.

Ubavu una vilima na mabonde

Zima taa ya dari, washa taa moja ya mezani kando, mwanga upite sambamba na ubavu. Kila kilima kitatoa kivuli. Tia alama kwa penseli.

Vilima vikilingana na mahali palipo na mataruma, kingo za mataruma hazikuchongwa mshazari. Papi hazivuki mataruma kwa pembe mraba isipokuwa katikati ya chombo. Kuelekea omo na tezi zinavuka kwa mshazari, na ukingo usiochongwa unagusa upapi kwa ncha moja tu. Kabla ya kubandika chochote, laza upapi mmoja mkavu juu ya angalau mataruma matatu, uusogeze juu na chini. Unapogusa ukingo wote ni sawa. Unaponing'inia ongeza kipande chembamba cha mbao, unapopanda juu chonga kwa tupa.

Mabonde yakiwa katikati ya mataruma, mataruma yako mbalimbali mno. Umbali wa milimita 30 hadi 35 unatosha katikati ya chombo, na milimita 20 hadi 25 karibu na omo ambako mkunjo ni mkali. Nafasi mbili za kwanza kutoka omo ni vizuri kuzijaza vipande vya mbao laini vilivyochongwa umbo la mwili, papi zipate pa kukaa.

Bonde la chini ya nusu milimita unaweza kulijaza puti ya mbao na kupiga msasa namba 120, kisha 180. Zaidi ya hapo ingiza kipande cha upapi. Puti nene husinyaa na kupasuka, nayo hainywi rangi ya mbao kama mbao inavyokunywa, kwa hiyo kwenye chombo kitakachopakwa vanishi tu itabaki kidonda kinachoonekana.

Papi zimeachana, au zinapandana karibu na omo

Hapa ndipo modeli nyingi zinapoachwa, ilhali tatizo lenyewe ni hesabu ndogo ambayo haikufanywa. Mwili wa jahazi ni mpana katikati na mwembamba omo. Idadi ya papi ni ileile kutoka mwisho hadi mwisho, kwa hiyo ni upana wa kila upapi ndio unaopaswa kupungua.

Chukua utepe wa karatasi, uzungushe juu ya taruma la katikati kutoka mkuku hadi ukingo wa juu. Tuseme umepata milimita 80. Gawanya kwa 5: papi 16. Sasa zungusha utepe huohuo kwenye taruma la mwisho la omo. Ukipata milimita 56, gawanya kwa 16: kila upapi uwe na milimita 3.5 hapo. Tia alama za 3.5 kwenye taruma hilo, fanya vivyo hivyo kwa kila taruma la kati, halafu punguza kila upapi kwa randa ndogo au kisu na rula ya chuma kufuata alama zake.

Upana usishuke chini ya nusu ya ule wa mwanzo, yaani milimita 2.5. Hesabu ikitoa kidogo zaidi, sitisha upapi mmoja kabla ya kufika omo na uache jirani zake wawili waendelee. Upande wa tezi mara nyingi mambo ni kinyume: nafasi ni kubwa kuliko papi. Hapo ingiza kabari ndefu yenye ncha, ichongwe kutoka ubao uleule ili rangi ifanane.

Ikiwa ulipima vizuri na nafasi bado zimetokea siku mbili baadaye, papi zilibandikwa zikiwa na maji. Zikauke angalau saa 12 zikiwa zimebanwa kwenye umbo lake, ndipo utie gundi.

Mapengo ya chini ya milimita 0.3 unaweza kuyaziba kwa uzi wa pamba uliochovywa gundi nyeupe na kusukumwa kwa ncha ya kisu butu. Kwenye jahazi lenyewe ni kazi ya kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao, na kwenye modeli inapendeza kuliko puti.

Upapi unakatika ukiukunja

Angalia nyuzi za mbao kabla ya kulaumu maji. Nyuzi zikikimbia nje ya ukingo ndani ya urefu wa sentimita 5, upapi huo hautakunjika hata ukichemshwa. Utumie katikati ya chombo kusikohitaji mkunjo.

Nyuzi zikiwa sawa, sababu inayofuata ni haraka. Loweka katika maji ya moto dakika 10 hadi 15 kwa unene wa milimita 1.5, futa, kisha kunja polepole juu ya kitu cha mviringo chenye joto, kwa mfano ncha ya pasi ya umeme. Joto ndilo linalolainisha, maji yanalisafirisha tu. Amonia haina kazi hapa: inaifanya mbao iwe nyeusi, na ikichemshwa ndani ya chumba inaumiza mapafu.

Aina ya mbao nayo ina neno lake. Mkangazi wenye nyuzi zilizonyooka hukunjika vizuri, na msunobari pia. Mtiki hukubali mikunjo mipole tu. Mpingo usijaribu kabisa kwa papi. Utunze kwa makapi (magurudumu ya kupitishia kamba), vigingi na mapambo ya shetri (sehemu ya nyuma ya chombo).

Gundi haishiki, au imeacha madoa meupe

Ungio likiachia safi, bila nyuzi za mbao kubaki kwenye gundi, uso ulikuwa na mafuta au vumbi. Mtiki na mpingo ndizo mbao zenye shida hii. Pangusa kwa kitambaa chenye asitoni, subiri dakika 5 hadi 10 ikauke, tia gundi papo hapo kabla mafuta hayajapanda tena juu. Ungio likiachia gundi ikiwa imepasuka katikati, ulilisogeza kabla ya wakati au gundi ilikuwa nzee. Gundi nyeupe iliyogeuka uzi au yenye mabonge haifufuki kwa kuongezewa maji.

Madoa yanayojitokeza baada ya rangi ya mbao ni gundi iliyofutwa kwa kidole na kuziba vinyweleo. Ukaguzi ni rahisi: kabla ya kupaka, pangusa mwili wote kwa kitambaa chenye maji kidogo. Panapobaki peupe pana gundi. Kwangua kwa wembe uliosimamishwa wima, kisha msasa namba 180 na 240 kufuata nyuzi. Msasa peke yake husukuma gundi ndani zaidi.

Supagluu inayoacha ukungu mweupe pembeni mwa ungio imetiwa nyingi mno mahali pasipo na upepo. Mvuke wake hukutana na unyevu wa hewa na kutua kama unga. Tumia tone moja kwa ncha ya sindano, na acha feni ndogo ipulize mbali na uso wako. Pwani, chupa iliyofunguliwa huganda upesi: iweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na pakiti ya silika, na ikitoka kwenye friji isubiri ipate joto la chumba kabla ya kufunguliwa.

*Simama hapa:* supagluu isikutane na pamba. Ikimwagika kwenye pamba, glovu za pamba au nguo ya pamba hupata moto wa kuunguza ngozi ndani ya sekunde chache. Vidole vikishikana, viloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni na uvifungue kwa kuviringisha, si kwa kuvuta. Jichoni usitie asitoni wala usilazimishe kope kufunguka. Suuza kwa maji mengi, uende hospitali.

Vanishi imeharibika

Hakuna hatua inayotoa malalamiko mengi kama hii, na sehemu kubwa ya malalamiko hutoka kwa watu waliopaka siku isiyofaa.

*Imegeuka nyeupe kama maziwa dakika chache baada ya kupakwa.* Hii ni sila (koti la kuziba vinyweleo vya mbao) au vanishi inayokauka kwa thina. Thina ikiruka haraka hupoza uso, unyevu wa hewa unatua juu yake na kunaswa ndani. Wakati wa masika, na jioni karibu na bahari, hutokea hata kwa fundi mzuri. Usiongeze koti lingine. Subiri siku kavu, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, kisha pulizia au papasa kwa brashi laini koti jepesi la thina tupu: uso unafunguka, unyevu unatoka, weupe unaondoka. Kwa kazi inayofuata nunua thina inayokauka taratibu. Wauzaji wa rangi za magari wanayo. Hewa ikizidi unyevu wa asilimia 80 kwenye kipima unyevu, acha kupaka siku hiyo.

*Inanata baada ya siku tatu.* Anza na koti nene, maana ndiyo sababu ya mara kwa mara: juu imeshika ngozi, chini bado mbichi. Ipe wiki moja mahali penye hewa. Ikiwa inanata juu ya vipande fulani tu, tazama ni mbao gani. Mpingo na jamii yake zina kemikali zinazozuia vanishi ya mafuta kukauka. Mtiki nao huwa na tabia hiyo, na baadhi ya mvule. Hata mwezi ukipita itabaki kunata. Ondoa kwa thina na kitambaa, pangusa asitoni, paka koti jembamba la sila ya gamlaki (shellaki) kama kizuizi, acha ikauke saa kadhaa, ndipo vanishi. Sababu ya tatu ni kopo la zamani lililoshika ngozi juu. Litupe.

*Imekunjamana au imeinuka.* Umeweka vanishi ya thina kali juu ya vanishi ya mafuta ambayo haijakomaa. Mpangilio wa kinyume unavumilika, huu hauvumiliki. Hakuna njia ya mkato: kwangua mpaka kwenye mbao.

*Ina chembechembe.* Vumbi. Piga msasa chumba kimoja na upake kingine, au nyunyiza maji sakafuni nusu saa kabla. Msasa namba 400 mkavu kati ya makoti unatosha kuziondoa. Tatizo hili ni dogo, usipoteze siku juu yake.

Ukitumia mafuta ya kitani badala ya vanishi, vitambaa ulivyopangusia visikunjwe wala visitupwe kwenye ndoo ya takataka. Mafuta yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kujiwasha chenyewe saa kadhaa baadaye, wewe umelala. Vitandaze kimoja kimoja nje mpaka viwe vikavu na vigumu, au vizamishe kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye mfuniko.

Mlingoti umeegemea mbele, kamba zimelegea, tanga ni nene

Kabla ya kuurekebisha mlingoti, hakikisha ni kosa. Mlingoti wa jahazi huegemea mbele kwa makusudi, na wanaojifunza kwa picha za merikebu za Ulaya huusimamisha wima au kuulaza nyuma, jahazi likapoteza sura yake. Tazama picha ya chombo halisi kutoka ubavuni. Kosa ni mlingoti unaoegemea kushoto au kulia. Sababu yake ni ama tundu lililotobolewa mshazari, ama kamba za upande mmoja zilizokazwa zaidi. Legeza kamba kwanza. Mlingoti ukirudi wenyewe, tundu ni zima. Usiporudi, panua tundu kwa milimita 0.5 upande unaotakiwa na uweke kabari.

Foromali, yaani mti unaobeba tanga, inayopinda kupita kiasi kwa kawaida imechongwa kutoka kijiti kimoja chembamba. Foromali halisi huunganishwa kwa miti miwili au zaidi na kufungwa kamba. Modeli ikifuata mtindo huo inakuwa imara na sahihi kwa pamoja.

Kamba zinazolegea na kukaza zenyewe ni za pamba. Uzi wa pamba uliosokotwa hufupika ukipata unyevu na kurefuka ukikauka. Ukifunga jarari (kamba ya kupandishia foromali) na demani (kamba ya kuongozea tanga) wakati wa masika, zitalegea chombo kikiingia chumba chenye kiyoyozi. Ukifunga wakati wa ukavu, masika zitavuta mlingoti hata kuupinda. Uzi wa poliesta haubadiliki hivyo. Kasoro yake ni mng'ao, unaoondoka ukipitishwa kwenye rangi ya kahawia isiyong'aa iliyochanganywa na maji. Manyoya ya uzi yaondoe kwa kuuvuta juu ya nta ya nyuki.

Tanga hupimwa kwa hesabu. Kitambaa cha unene wa milimita 0.3 kwa skeli hii ni sawa na turubai la milimita 12, kwa hiyo hakiwezi kujaa upepo wala kukunjika. Tafuta pamba nyembamba kabisa, ya vitambaa vya mkononi. Mshono wa cherehani wa milimita 2 unakuwa sentimita 8 kwenye chombo halisi. Chora mistari ya vipande vya tanga kwa penseli ngumu, inatosha. Kwa rangi tumia akriliki iliyochujwa sana badala ya chai, kwani chai ina asidi inayodhoofisha pamba miaka ikipita.

Kosa moja halina tiba ya gundi: tanga la pembetatu kwenye mtepe. Mtepe, chombo cha kushonwa cha visiwa vya Lamu, ulibeba tanga la mraba la mkeka. Modeli za makumbusho ya Lamu na Fort Jesus ni za kutazamwa kabla ya kukata kitambaa.

Karakana yenyewe ndiyo inayoleta shida

Biti za milimita 0.6 hadi 0.8 zikikatika kila mara, kwanza tazama kama kazi imebanwa. Kazi inayosogea hukata biti kuliko kitu kingine. Tia alama ya kuanzia kwa ncha ya sindano, tumia kishikio cha kuzungusha kwa vidole badala ya mashine, na toa biti nje kila milimita 2 kuondoa unga. Ukiwa kwenye mvule na biti au randa ikabutuka ghafla, umegonga jiwe: mvule huhifadhi mashapo ya chokaa ndani ya mbao. Chagua kipande kingine.

Msumeno wa wembe mwembamba unaokatika wembe kila dakika huwa umelegea au unasukumwa. Wembe uliokazwa vizuri hulia kwa sauti kali ukipigwa kwa kucha, na meno yake yatazame chini. Mbao inayoungua chini ya mashine ndogo ya kuzungusha inasema kasi ni kubwa au kichwa cha msasa kimejaa. Punguza kasi nusu kabla ya kununua kichwa kipya.

Kukohoa, macho kuwasha au vipele mikononi baada ya kupiga msasa mvule au mninga si mafua. Vumbi la mvule linajulikana kuleta pumu na kuwasha ngozi, na la mninga linakera njia ya hewa. Vaa barakoa ya FFP2, piga msasa nje au karibu na dirisha, safisha kwa kitambaa chenye maji badala ya ufagio. Kifua kikibana au kikitoa sauti ya filimbi, acha mbao hiyo kabisa na umwone daktari. Mzio huu huongezeka kila unaporudi kwenye vumbi, haupungui kwa mazoea.

Umeme ukikatika kila unapowasha mashine: chomoa vyote, washa kimoja kimoja. Umeme ukikatika kwa mashine moja tu, mashine hiyo ina hitilafu. Ukikatika kwa yoyote, ni tundu la plagi au waya wa ukutani. Waya wa kuongezea usitumike ukiwa umekunjwa kwenye kigurudumu chake, unapata moto. Plagi ya pini tatu huja na fyuzi ya ampea 13, ambayo haiwezi kulinda waya mwembamba wa mashine ya wati 150. Weka ya ampea 3, inayobeba hadi karibu wati 690 kwa volti 230. Mwisho wa kazi yako ni hapo. Harufu ya kuungua ukutani, tundu lenye alama nyeusi, mshtuko mdogo ukigusa chuma cha mashine, au kikata umeme kinachokataa kurudi hata vitu vyote vikiwa vimechomolewa: zima swichi kuu na umwite fundi umeme mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania na EPRA kwa Kenya.

Modeli imepasuka baada ya kusafiri

Mbao iliyokaa pwani huwa na unyevu wa asilimia 14 hadi 16. Katika nyumba yenye kiyoyozi Dubai inashuka hadi 8 au 9, na katika nyumba inayopashwa moto wakati wa baridi London au Toronto inafika hata 6. Upapi wa milimita 5 unaweza kusinyaa kwa milimita 0.05 hadi 0.1. Papi 16 pamoja hutoa milimita 0.8 hadi 1.6, na nafasi hiyo hutafuta ungio dhaifu kuliko yote.

Ufa ulio kwenye ungio usiuzibe mara moja. Iache modeli miezi miwili mitatu itulie na hali ya chumba, mbali na kiyoyozi, dirisha la jua na hita, kisha ziba kwa uzi na gundi kama ilivyoelezwa. Ukiziba mapema kwa supagluu, msimu wa unyevu ukija papi zitavimba, hazitakuwa na pa kwenda, na zitainuka. Kwa modeli unayojua itasafiri, paka vanishi ndani ya mwili pia kabla ya kufunga sitaha, kwani mbao iliyofungwa upande mmoja tu hupinda.

Unga mweupe umedondoka chini ya jahazi

Tundu za milimita 1 hadi 2 na unga laini kama wa ngano ni kazi ya bungua, wadudu wanaotoboa mbao. Wanapenda sehemu nyeupe ya nje ya mbao, ile yenye wanga. Moyo mwekundu wa mninga hawaugusi kwa urahisi, lakini ubao wenye mstari mweupe ukingoni ni karamu yao. Tundu peke yake si ushahidi, huenda ni la zamani. Futa unga wote na uweke modeli juu ya karatasi nyeusi kwa wiki mbili. Unga mpya ukionekana, wako hai.

Usipulizie dawa ya mchwa chumbani, na usitie modeli kwenye oveni: joto la kuwaua hulegeza gundi na kupasua papi. Ifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, toa hewa kadiri uwezavyo, iweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili kamili. Ikitoka, isifunguliwe kwa saa 24, ili umande utue nje ya mfuko na si juu ya vanishi. Modeli isiyoingia kwenye friza, au mbao za karakana nzima zikiwa zimeshaliwa, ni kazi ya mtaalamu wa kufukiza aliyeidhinishwa. Mbao uliyobaki nayo ya fungu hilohilo itoe nyumbani siku hiyohiyo, na rudisha karatasi nyeusi chini ya jahazi kwa mwezi mzima.